Safu ya Tatu

Jina. Umri. Mtaa.
Miaka kumi na mmoja nauliza hayo matatu
kwenye kidirisha chenye ubao uliolika kwa viwiko vya watu,
kalamu nimeifunga kwa uzi isitembee.
Safu ya tatu haina msomaji.
Daktari husoma joto, wa dirisha la dawa husoma bei,
mimi husoma mitaa
kwa kuwa foleni ikikatika sina jingine la kusoma.

Ndivyo nilivyoona.
Kuhara: Mabatini. Kuhara: Mabatini. Mabatini.
Homa ya matumbo, mtu na dadake: Mabatini.
Ukurasa mzima, kisha Langoni mmoja,
na Mkomani mzee mmoja wa sukari
aliyekuja kwa miguu yake, kofia ya kiua kichwani.

Nikalibeba daftari. Ruhusa sikuomba, nasema kweli.
Majina niliyafunika kwa karatasi, ikabaki mitaa.

Tulikaa barazani kwa Bi Somoe, mkunga.
Akaja Maalim Famau na chaki ingali mfukoni,
Lali Shee mwenye punda saba wa taka,
yule wa hoteli ya Shela, viatu mkononi,
na Kahaso, auzaye maji Mabatini dumu kwa dumu.
Afisa wa kaunti alituma salamu kwa simu.

"Watu wa huko juu ni wachafu," akasema mmoja, simtaji.
Kahaso hakupandisha sauti:
"Bomba lenu lapita chini ya kitanda changu.
Usiku nalisikia likienda kwenu.
Halijasimama kwangu hata siku moja."

Hata kikombe hakikulia.
Kisha Lali, akitazama vidole vyake:
"Punda wangu akiumwa na tumbo
kuna zahanati yake, hatozwi kitu.
Mwana wa Kahaso alitozwa."
Tukacheka. Kicheko kikatukauka midomoni.

Msidhani mambo yalinyooka.
Hoteli ilitoa dawa ya maji miezi miwili, ikasahau,
ikakumbushwa na Bi Somoe, aliyekwenda kuketi ukumbini mwao
na buibui lake na kijaluba cha tambuu,
wageni wakimpita, asibanduke mpaka alasiri.
Mafundi wa Langoni walichimba mtaro,
vijana wa Mabatini wakabeba mawe,
wakagombana juu ya wali: nani kapewa ukoko.
Choo cha tatu kilibomoka mvua ya kwanza.
Maalim aliwafundisha watoto kuosha mikono
mpaka sabuni ya madrasa ikaisha, akakopa.
Bilula ilipatikana moja. Ya pili, asema afisa, iko njiani.
Njia ipi, hajasema.

Nami nikahesabu. Mabatini, wiki hii, kumi na tisa.
Wiki ile, kumi na moja. Kisha sita.
Kisha ishirini na mbili: bilula imekauka.
Nikampigia Lali, Lali akampigia wa hoteli,
wa hoteli akaapa hana habari,
na magharibi punda saba walipanda kilima,
si na taka, na madumu.
Kila dumu na alama ya jiko lilikotoka,
mengine ya nyumba ambazo milango yake sijawahi kubisha.

Jana alfajiri mama mmoja anahema kidirishani,
mtoto kamshika begani.
Jina? Nyale. Umri? Tisa.
Mtaa? Mabatini.
Kalamu ikasita. "Anahara tangu lini?"
"Hahari. Kaanguka kwenye punda wa Lali,
walikuwa wakishindana, yeye na mwana wa Mkomani."
"Na huyo wa Mkomani yuko wapi?"
"Si huyo nyuma yangu, achechemeaye."

Nikawaandika, mstari chini ya mstari.
Mabatini: mkono. Mkomani: mguu.
Mungu anisamehe, watoto walikuwa wakilia
nami nilikuwa nimeinamia daftari
wasinione ninavyotabasamu.